Tuwashike mkono wakiwa bado wanasoma: niliyoongea Nyakato kuhusu watoto wetu wanaosomea sanaa

Wengi mlinipigia kusema mlikwama Jumamosi, wengine mlikuwa visiwani, wengine msibani, mkaomba niwarushie maneno niliyoongea pale ukumbini Nyakato, hapa Mwanza. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha zilizokuwa zinaonyeshwa ukutani nimeziacha, maana bila mimi kuwa pembeni nazielezea hazitawasaidia.

Mwadila bhabha! Mwadila mayu!

Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu mliofunga meza sokoni mapema leo, kaka zetu wa soko la samaki la Mwaloni, wachungaji na mashehe mliokubali kukaa safu moja, asanteni sana kwa kuja. Najua Jumamosi jioni kila mtu ana pa kwenda, kuna sendoff, kuna kikao, kuna mpira, nyie mmekuja kusikiliza habari ya watoto wanaochora. Mungu awabariki kwa hilo.

Naanza na swali na naomba mnijibu kwa mikono. Nani hapa hajachangia harusi mwaka huu? Nyoosha mkono. Hamna. Haya, nani hajachangia msiba? Hamna pia. Mnaona? Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunachanga, tunachanga sana. Usiku unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, asubuhi umeshaahidi, mwisho wa mwezi mwenyekiti wa kamati anakukumbusha na unatuma kweli, hata kama ni elfu ishirini ishirini mpaka inatimia. Kwa hiyo asije mtu akaniambia watu wa Mwanza hawana moyo wa kutoa. Moyo upo. Hela ya kadiri ipo. Mimi nauliza kitu kimoja tu, kwenye magrupu yote yaliyomo humo kwenye simu yako, kuna hata moja la kumsomesha mchoraji? La kumsomesha anayechonga? Anayesomea muziki? Anayesomea kutengeneza filamu?

Na msifikiri hili jambo ni la Wazungu, eti sisi kwetu sanaa ni ya mtu kujitafutia mwenyewe. Hapana jamani. Wazee wetu hawakutenga ngoma na chakula. Bugobogobo mnaijua wote, ngoma ya majembe, ile ilikuwa ya shambani, vijana wanalima kwa mdundo, ngoma inapigwa, jembe linarushwa juu linadakwa, na mwenye shamba anajua kabisa kuwalisha hao ni juu yake, wala hakuna aliyesimama akauliza huyu mpiga ngoma mbona halimi. Kupiga kwake ndo kulikuwa kunafanya wengine walime. Nendeni makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita wakati wa sikukuu ya Bulabo, mkawaone Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma, wanavyoshindana, watu wamejaa, na ushindi uko kwa watazamaji, ngoma inayowavuta ndo inashinda. Na ile makumbusho yenyewe haikuota pale, padri mmoja Mkanada, David Clement, miaka ya 1950 alikaa na Wasukuma wenzetu wakaamua hivi vitu vya mababu vinastahili paa juu yake, wakajenga. Leo mgeni akija kutoka mbali unampeleka Bujora kifua mbele. Kuna watu walitoa kwanza ndugu zangu. Walitoa muda, walitoa viti vya kichifu vya babu zao, walitoa ngoma zao.

Sasa twende kwenye hesabu maana hapa ndo wengi tunakosea. Mzazi anasema mwanangu kapata chuo, kapata mkopo wa Bodi ya Mikopo, kazi imeisha. Haijaisha. Mwanafunzi mwenye mkopo wa kujikimu, lile bumu wanaloliita wao, hesabu yake ni shilingi 10,000 kwa siku. Ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa mwaka wa masomo wa 2022/23. Hiyo elfu kumi ni kula na kulala. Kula na kulala! Halafu kuna ada, kuna vitabu, na kuna fungu la mahitaji maalum ya kitivo, lipo kwenye utaratibu wa Bodi, ila siyo kila mtoto anapewa kila fungu na siyo kila anayepewa anapewa lote, inategemea alivyopimwa uhitaji wake. Na wote tunajua kozi zinazotajwa kwanza kwenye vipaumbele ni udaktari, uhandisi, ualimu wa sayansi na hesabu. Sigombani na hilo, hospitali ya Bugando pale tunahitaji madaktari. Ila mtoto aliyechaguliwa kusoma sanaa na ubunifu ana gharama ambayo mwenzake wa sheria hana. Wa sheria akiwa na daftari na simu ataendesha semesta. Huyu wetu anaambiwa kila baada ya wiki chache alete kazi, na kazi ni turubai, ni rangi za mafuta, ni brashi, ni mbao ya fremu, ni udongo, ni plasta, ni kuprinti picha kubwa kwa rangi. Vinaisha. Akimaliza kazi moja vimeisha, anaanza upya.

Tena huyu wetu yuko mbali. Hapa Mwanza tuna vyuo vizuri, tuna Mtakatifu Agustino pale Malimbe, tuna Bugando, ila akitaka shahada ya kuchora anapanda basi kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma, akitaka muziki kuna Makumira kule Arusha. Mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Akiishiwa brashi katikati ya semesta hawezi kuja nyumbani jioni kumwambia mama.

Mnajua mimi nauza rangi za nyumba. Likizo moja alikuja binti dukani, mtoto wa Sengerema, mpole, akauliza kama tunapima rangi nyeupe ya maji nusu lita. Nikamwambia mwanangu hatupimi, kopo dogo kabisa ni lita moja, hata hilo leo limeisha limebaki la lita nne. Akasema basi mama, hata ile inayobaki kwenye ndoo mkishapaka. Nikamuuliza ya nini. Akanieleza, na nawaambieni nilisimama nikasahau wateja. Kumbe turubai la kuchorea la dukani hawezi kulinunua, kwa hiyo ananunua amerikani, ile ile amerikani yetu, anaikaza kwenye fremu ya mbao, anachanganya rangi nyeupe ya maji na gundi ya mbao, anaipaka mara mbili tatu mpaka kitambaa kinafunga, kikikauka anapiga msasa taratibu, hapo ndo anachora. Wanafunzi wengi wanafanya hivyo na inafanya kazi vizuri tu. Ila akaniambia kitu kimoja mpaka leo hakijaniacha. Kwamba mwalimu wake kila siku anamwambia ongeza ukubwa, picha zako zinaomba nafasi, na yeye kila semesta anazidi kupunguza. Picha zinazidi kuwa ndogo. Mkono unaweza, macho yanaona, kitambaa hakitoshi!

Ndugu zangu, hebu fikirieni. Mtoto ana picha kubwa kichwani, ana ziwa lote kichwani, mitumbwi yote ya Mwaloni, anaichora kwenye kitambaa cha ukubwa wa daftari kwa sababu ya amerikani. Amerikani!

Tulichofanya siku ile hakikuwa kikubwa. Nilimpa kopo. Dada mmoja wa duka la vitambaa akatoa amerikani, akasema mpimie mpaka aseme imetosha. Fundi seremala wa Mabatini akakata fremu kutoka kwenye mbao zilizobaki baada ya kutengeneza makabati, akamfundisha na namna ya kuziunga pembe zisipinde. Hakuna aliyeandika hundi, hakuna aliyeitisha mkutano. Na binti alirudi chuo akachora kubwa. Ndo kikundi chetu kilivyoanza, na ndo maana leo nawaambia wale mnaosema mimi sina hela, sawa, huna hela, una nini? Una mbao? Una vipande vya kitambaa? Una chumba Ubungo au Sinza mtoto anaweza kufikia wiki ya kwanza akitafuta pa kukaa? Una basi linaenda Dar kila siku, unaweza kubeba kifurushi cha rangi bure? Hiyo ni sadaka kamili.

Sasa naomba mnisikilize hapa vizuri, maana hili ndo lililonitoa nyumbani. Tuwashike mapema. Mapema! Msaada ukichelewa unamkuta mtu ameshaacha, au ameshazeeka, au hayupo.

Mnamjua mzee Aniceti Kitereza? Wa Ukerewe hapo mnamjua. Kwa wasiomjua, huyu ni mtu wa hapa hapa ziwani, alizaliwa mwaka 1896, akakulia Ukerewe kwenye ukoo wa watemi, akasoma kwa mapadri, akajua lugha nyingi za kwetu na za Ulaya, akawa anakusanya hadithi na mila za Wakerewe ili zisipotee. Kisha akaandika riwaya. Riwaya ndefu, ya kitabu kinene kabisa, kwa Kikerewe, kuhusu mume na mke waliokuwa wanatafuta mtoto, na ndani yake kaweka kila kitu, namna ya kulima, kuvua, dawa, ndoa, heshima ya mkwe. Alimaliza mwaka 1945.

1945, ndugu zangu. Akatafuta wa kumchapia. Nani achape kitabu cha Kikerewe? Hakuna. Padri mmoja rafiki yake aliyekuwa akimtia moyo akajaribu kusaidia, haikufika mwisho. Miaka ikaenda. Uhuru ukaja 1961, yeye yupo na karatasi zake kisiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja watafiti wawili Wamarekani, mume na mke, Gerald na Charlotte Hartwig, wakakaa Ukerewe, wakaona hazina iliyopo, wakampigania. Mzee mwenyewe akakaa chini akaitafsiri kazi yote kwa Kiswahili, uzee ule, kitabu kizima, kwa mkono wake. Ikapelekwa Dar es Salaam, Tanzania Publishing House wakaichukua, ikatoka mwaka 1980. Hesabuni wenyewe, miaka 35. Na mzee akafariki mwaka 1981, kabla nakala za kitabu chake hazijamfikia kule kisiwani.

Hakukishika.

Leo hiyo riwaya inasomwa kwa Kijerumani, inasomwa kwa Kiingereza, maprofesa wanaandika juu yake, na sisi wa Mwanza tunajivuna kwamba ni wetu. Mimi pia najivuna. Ila najiuliza, miaka 35 yote ile, Ukerewe kulikuwa na watu, kulikuwa na pamba inauzwa, kulikuwa na samaki, kulikuwa na wenye mitumbwi, na ng'ambo Mwanza mji unakua. Hivi kama watu ishirini tu wangekaa wakasema mzee huyu tumlipie wino na karatasi, tumlipie nauli ya kwenda kuonana na wachapaji, tumlipie mtu wa kupiga taipu nakala ya pili? Siwalaumu marehemu, nyakati zilikuwa ngumu, na kuchapa kitabu haikuwa kazi ndogo. Nasema sisi. Sisi tulio hai, wenye simu mkononi, tunajua sasa hivi hii leo kwamba kuna watoto wa Magu, wa Misungwi, wa Ukerewe hiyo hiyo, wako mwaka wa kwanza wa sanaa. Tunasubiri nini? Tunasubiri wafikishe miaka 85?

Kuna watu huwa wananiambia, mama, msanii wa kweli hazuiliki, si mnamuona Edward Saidi Tingatinga, alikuwa na chuo gani yule? Nawajibu kwa heshima. Ni kweli Tingatinga hakusoma chuo, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli, kwenye hadibodi, kwa sababu ndo vilivyokuwepo mkononi. Akafariki mwaka 1972, kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, hata umri wa miaka 41 hakufika. Alichora miaka michache tu. Na kilichofanya ule uchoraji usife naye ni kwamba alikuwa ameshawakalisha ndugu na jamaa pale alipokuwa anaishi akawafundisha, nao wakaendelea. Kwa hiyo hata yeye ni shahidi wangu. Hata pasipo na chuo lazima pawepo mtu aliyetoa nafasi na rangi kwa wanaojifunza.

Na nafasi inaweza kuwa ndogo sana. Tuvuke ziwa kidogo twende Kampala. Makerere ile shule ya sanaa ambayo imetoa wachoraji wa Afrika Mashariki nzima, mnajua ilianza wapi? Kwenye baraza la nyumba ya mtu. Mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anawafundisha watu kuchora na kuchonga barazani kwake. Baraza! Humu ndani nani hana baraza? Akapita pale Mkenya Gregory Maloba, ambaye baadaye ndo aliichonga ile sanamu kubwa ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962, mama amemuinua mtoto juu. Akapita Mtanganyika Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, akaenda mpaka London kusoma, akawa mwalimu, na mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA kule New York likachukua mchoro wake mmoja, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Pombe ya ndizi ya Uchagani ipo New York. Huyo huyo Ntiro ndo akawa balozi wetu wa kwanza London baada ya uhuru, na akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo hawa watoto wetu walioko pale leo wanakaa kwenye madarasa ambayo watu kama yeye waliyalea.

Nataja hao siyo kwa sababu kila mtoto tutakayemnunulia brashi atakuwa balozi. Hapana. Wengine watakuwa walimu wa sanaa shule za sekondari, na Mungu anajua tunawahitaji. Hapa ndo nimjibu yule mzazi aliyeniandikia karatasi mlangoni akauliza sanaa ina ajira gani. Mzee wangu, shati ulilovaa lina maua, kuna mtu aliyachora hayo maua. Kiwanda chetu cha nguo cha Mwatex kilipokuwa kinachapa khanga na vitenge, kuna watu walikuwa wamekaa mezani wanachora, mama zetu wakavaa. Kitabu cha darasa la pili cha mjukuu wako kina picha ya mbuzi, kuna mtu alimchora. Ile sanamu ya samaki pale kwenye kipilefti cha mjini, ambayo kila mgeni anapiga nayo picha, kuna mtu aliiunda. Lebo ya dagaa wako unaotaka kuuza nje, atakutengenezea nani? Tunawaagiza Dar na Nairobi watufanyie, tunawalipa, halafu tunarudi nyumbani tunamwambia mtoto mwenye kipaji acha kuchezea kalamu. Hilo linaniuma kwa kweli.

Haya, namna ya kutoa. Na hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe, maana kutoa vibaya kunaumiza.

La kwanza, msimnunue mtoto. Kuna mfadhili mmoja, simtaji na wala si wa kwetu hapa, alimlipia kijana semesta moja halafu akataka kijana amchoree yeye, amchoree mke wake, amchoree na nyumba yake, kila likizo, na kijana akichora kitu kingine anaulizwa hii hela yangu inaenda wapi. Yule kijana alifika mahali akawa haoni tena cha kuchora, ameshika brashi anawaza atafurahi au hatafurahi. Sasa umemsaidia nini? Ukitaka picha yako, agiza, patana bei, lipa, hiyo ni biashara halali na wanaihitaji sana. Msaada ni kitu kingine. Msaada ukitoka umetoka. Mtoto akichora kitu kisichokupendeza, akachora maji yetu yalivyochafuka, akachora gugumaji, akachora jambo linalokukera, muache achore, ndo kazi aliyoenda kuisomea.

Halafu habari ya kuwapiga picha wamepanga mstari wameshika boksi la rangi huku wewe umesimama katikati, tuiache. Wana wazazi hao, wana wadogo zao, wana wenzao darasani wanaziona hizo picha. Ukitaka kupiga picha, piga picha ya kazi yake, iweke status, andika jina lake na namba yake ya biashara, uone kama hatapigiwa.

Kuhusu kuaminiana, hili mmeliuliza sana na mna haki, maana kila mtu hapa ameshawahi kuchangia kitu kikayeyuka. Ada hatumpi mtu mkononi. Vyuo vya serikali vinalipwa kwa kontrol namba, mwanafunzi anaitoa, wewe unalipa mwenyewe kwenye simu au benki, hela inaingia chuoni, risiti unayo. Sisi kikundi hatuigusi. Vifaa tunanunua kwa orodha ambayo mwanafunzi ameiandika, tunatuma kwa basi, anatuma picha ya vilivyofika na risiti zinakaa kwenye grupu kila mtu anaziona. Na wenye kampuni, wale mnaotaka kutoa kikubwa, kuna Mamlaka ya Elimu Tanzania, iliundwa kwa sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001, kazi yake mojawapo ni kupokea michango ya elimu, kaeni na mhasibu wenu muulize na mambo ya kodi yanakaaje, msiniulize mimi wa rangi.

Jambo jingine, kidogo cha kila mwezi kinazidi kikubwa cha mara moja. Nasema hivi kwa kuwa nimeona. Mtu anatoa laki tano siku ya mkutano kwa mapigo ya makofi, mwaka unaofuata hayupo, na mtoto yuko mwaka wa pili na ndo gharama zinapanda. Elfu tano kila mwezi ya watu mia ni laki tano kila mwezi, kwa miaka yote mitatu ya shahada, mtoto anajua ipo, anaweza kupanga, anaweza kuthubutu kuanza kazi kubwa akijua rangi haitamuishia katikati. Na kumbukeni mkopo wa Bodi unarudishwa, akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hii yetu haimdai. Anaanza maisha akiwa na deni pungufu, na msanii miaka yake ya kwanza ndo migumu kuliko zote.

Na mwaka wa mwisho, ndugu zangu, nendeni kwenye maonyesho yao. Mwaka wa mwisho wanaonyesha kazi. Mara nyingi wanakuja walimu wao, wanafunzi wenzao na wageni wachache wa Dar. Mtoto wa Sengerema amesimama pembeni ya picha yake na hakuna mtu wa kwao hata mmoja. Uko Dar kibiashara, unashusha mzigo Kariakoo, panda daladala nenda chuoni Mlimani, simama mbele ya ile picha, muulize amefanyaje, mwambie nimetoka Mwanza. Ukiweza inunue. Usiombe punguzo kubwa kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, mnajua tabia zetu. Hoteli za hapa mjini, na nyie wenye kumbi kama hii tuliyomo, kuta zenu zina picha za maua za plastiki kutoka nje, ziondoeni, wekeni za watoto wetu, na chini muandike jina la mchoraji na anakotoka.

Sasa nimemaliza maneno yangu, tunaingia kwenye kazi. Hivi sasa tunao wanafunzi watatu ambao orodha zao ninazo hapa, wawili wanachora, mmoja anachonga. Anayechonga anahitaji patasi na nyundo ya mbao kabla chuo hakijafunguliwa, anazoazima kwa mwenzake zimeisha makali. Wanaochora wanahitaji amerikani, gundi, rangi nyekundu, bluu, njano na nyeupe, nyeupe nyingi zaidi maana ndo inaisha haraka, na brashi za namba tofauti, zipo zimeandikwa. Mmoja wao ada yake ya semesta ya pili haijakamilika, kontrol namba ataitoa mtu akiwa tayari kulipa. Daftari linaanzia meza hii ya kulia kwangu linazunguka. Andika jina, andika unachotoa kama ni kitu au hela, andika na tarehe utakayoleta. Vitu vitapokelewa dukani kwangu mpaka Ijumaa, basi la Dar linaondoka Jumamosi alfajiri na mwenyewe ameshasema atabeba bure. Mzee wangu wa meza ya kwanza, peni hiyo hapo, tuanze na wewe.